Dari la Makapi

Mvua ikinyesha Kamachumu, sebule yetu ilikuwa ikinuka kahawa. Si kahawa ya kwenye kikombe. Ni ile harufu ya makapi yaliyolowa nyuma ya mashine ya kukobolea, tamu kidogo na chachu kidogo, inayokuingia puani asubuhi na kukaa humo mpaka jioni. Wageni walidhani inatoka jikoni. Sisi wa nyumbani tulijua inatoka juu.

Dari lile baba alilitengeneza kwa mikono yake. Ujanani aliwahi kubeba mizigo katika duka moja la Wahindi mjini Bukoba, na siku moja mwenye duka alimwita ndani ya nyumba amsaidie kusogeza kabati. Baba aliinua macho akaona dari jeupe lenye vipele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hakulisahau. Alisema akijenga nyumba yake itakuwa na dari la namna ile. Baadaye familia ile ilihama, nyumba ikauzwa, na baba hakuwa amemuuliza mtu yeyote vile vipele vilikuwa vya nini. Kuuliza! Baba yangu alikuwa Mhaya wa kweli, na kitu alichoweza kukibuni mwenyewe hakuona sababu ya kukiuliza kwa watu. Akaamua kwamba ni makapi ya nafaka fulani yaliyokorogwa na chokaa. Na makapi nyumbani tulikuwa nayo magunia kwa magunia, ya kahawa.

Nakumbuka alivyofanya, maana nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa. Alivaa shati lake la kaki la kazi. Alichanganya chokaa, saruji nyeupe kidogo na gundi ya mbao, akamwagia makapi, akakoroga kwa mwiko wa kupikia pombe. Alipanda juu ya meza akapaka ule uji kwenye mbao za dari, kisha akawa anaudonoadonoa kwa fundo la nyuzi za mgomba ili vipele visimame. Nusu ya uji ilimwangukia. Alikohoa siku nzima kwa vumbi la chokaa, kikohozi kifupi cha kukata, mara mbili halafu kimya. Jioni alitukalisha wote chini tutazame juu, na nitasema kweli, lilikuwa zuri. Kijiji kizima hakikuwa na dari kama lile.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Hewa ya sebuleni ikapata unyevu, makapi yakatoa maji yake, na dari jeupe likatoka madoa ya kahawia.

"Mzee," mama alisema, ameshika mlango asianguke kwa kicheko, "dari lako limejikojolea."

Baba alipaka rangi nyeupe. Msimu uliofuata madoa yakarudi. Akapaka tena, yakarudi tena, na mama akacheka tena. Ukawa ndio mzaha wa nyumba yetu. Mtu akifanya jambo kwa ujuaji tulimwambia kwamba anapaka dari.

Baba akafa. Alikwenda kupalilia migomba akarudi amebebwa. Tulimlaza sebuleni, watu wakakaa kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, kisha tukamzika palepale kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, karibu na mibuni aliyoipanda. Mvua zilipoanza mwaka ule, doa la kwanza lilitokea juu ya mahali lilipokuwa jeneza. Lilikuwa refu na jembamba, na halikuwahi kuwapo kabla.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Naweza kukueleza jinsi maji yanavyotoa rangi kwenye ganda la kahawa, na kwa nini rangi ya maji haiwezi kulizuia doa la namna hiyo mpaka utangulize rangi ya mafuta. Nimeyafundisha mambo ya namna hii kwa miaka. Lakini kila nilipotoka Rwamishenye, pale Bukoba ninapoishi, kwenda kumsalimu mama, nikifika sebuleni nilizunguka ukutani ili nisipite chini ya lile doa. Niliogopa, basi. Sina neno zuri zaidi.

Mama hakuogopa. Aliacha kucheka tu. Alihamisha kiti chake akakiweka chini ya doa, na mvua ikianza alikaa pale, mikono mapajani, akivuta ile harufu. "Leo amekuja," alikuwa akisema, kama anayezungumzia jirani.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Mama, hayo ni makapi."

"Najua ni makapi," alisema. "Nani aliyaweka?"



Miaka miwili hivi iliyopita kipande cha dari kilianguka. Kilikuwa kikubwa kuliko sinia, na kilitua juu ya kiti cha mama kikavunja mkono wa kiti. Mama alikuwa kibanjani anakata ndizi za mchana. Kama angekuwa amemaliza mapema kidogo tu, ningekuwa na makaburi mawili. Nilipigiwa simu. Siku hiyohiyo nilimchukua fundi wa jipsamu tunayefahamiana naye pale Rwamishenye, tukapanda gari kwenda Kamachumu.

Fundi alipanda ngazi akaingiza kichwa darini na tochi. Mimi nilikuwa nimeshapanga: aache dari la zamani lilivyo, apige jipsamu mpya chini yake, mama abaki na makapi yake na mimi nibaki na mama yangu. Fundi aliposhuka hakumung'unya maneno.

"Mwalimu, mbao zimeliwa na mchwa. Hili lenyewe linakaa kwa huruma ya Mungu. Nikilipachikia jingine chini, yote mawili yatashuka. Ni kutoa lote, na mbao zake."

Mama alisikia. Alikuwa mlangoni na ungo mkononi.

"Halitoki," alisema.

"Mama, waitu, nakusihi, litakuua."

"Baba yako alilazwa hapa, chini ya dari lake. Na mimi siku yangu ikifika nilazwe hapahapa, nikiwa chini yake. Sina jambo jingine ninalowaomba ninyi watoto. Sitaki kulazwa chini ya jipsamu ya dukani."

"Kwa hiyo unataka likuangukie ndipo ulazwe chini yake? Si utakuwa umeshalala!"

Maneno hayo nilimwambia mama yangu mzazi, mbele ya mgeni. Hasira yangu huwa inatangulia, akili inafuata kwa miguu. Fundi aligeuka akaanza kukunja tepu yake ya kupimia taratibu sana. Mama alinitazama, akaenda zake jikoni, akapakua chakula cha mchana. Baada ya kula akaja mwenyewe.

"Bomoeni," alisema. "Lakini hata punje moja isiende shimoni. Kila kinachoanguka mniletee mimi."

Tulianza kesho yake. Dari kavu la namna ile ukilikwangua linatoa vumbi la kuua mtu, kwa hiyo lazima kwanza lilowe. Nilikuwa nimenunua bomba jipya la mgongoni, lile la kunyunyizia mibuni dawa, tukalijaza maji. Nilijifunga kitambaa puani nikanyunyiza, fundi akanifuata nyuma na mwiko bapa, akikwangua. Tulinyunyiza, tukasubiri maji yaingie, tukakwangua. Yale mabonge yalidondoka kwenye turubai kwa sauti nzito ya matope.

Halafu harufu ikaja. Miaka yote tuliipata kidogokidogo, ya mvua moja baada ya nyingine. Siku ile ilitoka yote kwa mara moja. Ilijaa sebule, ikaingia chumbani. Nilihisi kabisa kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu na shati lililolowa, na sikugeuka. Niliendelea kunyunyiza ukutani, mahali pasipokuwa na dari lolote.

Fundi aliacha kukwangua. "Mwalimu, humu ndani kuna mzee?"

"Hakuna. Kwa nini?"

"Nimesikia mtu anakohoa. Mara mbili."

"Ni mbao," nilisema. "Zinaachia misumari."

Alinitazama, akatazama mbao, akaongeza kasi. Mimi nilijikaza kisabuni mpaka doa lile refu lilipofikiwa. Lilitoka kwa kipande kimoja, na chini yake ubao ulikuwa mweupe kama wa jana. Nilikaa chini juu ya turubai nikalia kwa sauti, na fundi, Mungu ambariki, akatoka nje kuvuta sigara ambayo sikuwahi kumwona akivuta.

Mama aliyachukua mabonge yote kwa karai. Aliyaanika kwenye mkeka uani, yalipokauka akayaponda kwa mchi, kisha akaketi na ungo wake akapepeta kama apepetavyo maharage. Chokaa upande mmoja, makapi upande wa pili. Nilimwona asubuhi, nikamwona jioni. Chokaa alinipa nikaimwage kwenye migomba. Nilipomuuliza kuhusu makapi alisema yana kazi. Nilidhani ni kwenye kaburi la baba, kutandaza, kama tunavyotandaza makapi shinani mwa migomba. Sikuuliza zaidi. Na mimi ni mtoto wa baba yangu.

Jipsamu ilipigwa kwenye mbao mpya, ikapigwa puti, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi. Ilikuwa laini na nyeupe kama sahani. Majirani walisifu, na mimi nililichukia dari lile siku hiyohiyo. Mvua zilipoanza nilikwenda Kamachumu makusudi, nikakaa sebuleni nikingoja. Mvua ilipiga bati mpaka tukashindwa kusikilizana. Doa halikutokea, na harufu haikuja. Kilichokuwa kinanitisha kilikuwa kimeondoka, na nyumba ikanitisha zaidi.

Mama hakulalamika hata siku moja. Ila kiti chake alikirudisha ukutani, na mvua ikianza tu alikuwa anasema, "Mwana wange, ngoja nikajinyooshe," akaingia chumbani akafunga mlango. Zamani mvua ndiyo ilikuwa inamtoa chumbani. Niliona nimemvunja. Nilirudi Bukoba nikijiambia kwamba yu hai, si ndicho nilichotaka, yu hai. Na usiku mwingi nilimwona baba ndotoni akiwa juu ya meza, mikono imeinuliwa, akidonoa hewa tupu.

Mama alifariki katika masika ya mwaka huu, asubuhi, akiwa kitandani mwake. Wanawake wa jumuiya walimwosha. Wanaume walitandaza nyasi sebuleni. Jeneza likawekwa mahali palepale, na juu yake dari jeupe lisilo na hata kipele kimoja. Nililitazama nikaona aibu kama mtu aliyekwenda kwa mkopeshaji mikono mitupu. Ombi moja tu alilotuomba, nami nilikuwa nimelikwangua kwa mwiko.

Nilikwenda chumbani kutoa mashuka ili nisionekane. Nilipovuta mto ukagoma, mzito, nao ukatoa sauti kama ya majani makavu. Haukuwa ule mto wa sufi niliomnunulia mimi. Huo ulikuwa umewekwa chini ya kitanda, mpya, ndani ya nailoni yake. Huu ulikuwa wa kitambaa cha kaki, na nilipougeuza nikaona mfuko wa shati, vifungo vya shati, na madoa ya chokaa ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Mama alikuwa ameshona kola, mikono na pindo kwa uzi mweupe, mishono ya karibukaribu, kazi ya mtu mwenye haraka asiyetaka kuonekana ana haraka. Niliusogeza puani, na ile harufu ilikuwa humo. Nilikaa nao kwenye kitanda kile mpaka dada yangu akaja kuniita.

Jeneza lilikuwa na kimto chake cha kitambaa cha kung'aa. Nilikitoa, nikamwinua mama kichwa, nikamwekea mto wake. Dada alifungua mdomo aulize, akaniona uso, akakichukua kile kimto akakiweka kando.

Katekista alikuwa ameanza rozari mvua iliposhuka. Tulikuwa katika fumbo la pili, au la tatu, wakati mzee mmoja jirani, aliyekuwa amekaa karibu na jeneza, alipoacha kuitikia. Alivuta hewa puani, akavuta tena.

"Hili dari," alisema, "si lilibomolewa?"

Watu wote waliokuwa kwenye nyasi waliinua macho juu. Mimi niliangalia chini, kwa mama.