Magauni Sare ya Bustanini

Sikukuu iliyopita nilikosana na mkwe wangu kwa sababu ya magauni mawili. Aliwashonea wajukuu zangu wa kike sare, kitambaa kimoja cha manjano chenye maua madogo, akaja nao barazani waniage kabla ya kwenda Bustani ya mji wetu wa Chake. Nikamwambia amvue mmoja, amvishe kitu chochote kingine. Akacheka akidhani natania, kisha akaniangalia usoni, akawarudisha watoto ndani. Nilisikia wakinong'onezana huko ndani kwamba bibi kazeeka. Nawe pengine ungesema hivyo hivyo, kwa hiyo kaa kitako nikueleze.

Zama hizo, siku za mwisho za Mwingereza, tuliiita Bustani tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Ilianzia karibu na ngome kongwe ikateremka mpaka bondeni, na wazee walisema ilipandwa kabla ya babu zao kuzaliwa. Ilikuwa na mivinje mirefu iliyovuma hata siku isiyo na upepo, mikungu iliyoangusha majani mekundu, na njia ya mawe iliyoikata kati kwa kati. Pale njia ilipofika katikati ulilala mzinga wa vita wa kale, mdomo umejaa takataka. Siku za kawaida watoto hatukupapenda, maana chini ya mivinje kulikuwa na giza hata mchana. Lakini Sikukuu! Ubuyu ulitutia rangi mpaka kwenye pua, bajia zilitoka karaini zikituunguza vidole, muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, na pembea ya mbao ililia kama inayochinjwa.

Sikuwahi kumjua mama yangu mzazi. Alifariki nikiwa mchanga, bibi akanichukua, na mwanamke wa nyumba iliyotazamana na yetu, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga wa kike, akaninyonyesha. Ua lilikuwa moja, sisi upande huu, wao upande ule. Nilimwita Mama, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Bintiye alikuwa ndugu yangu wa kunyonya, na kwa sheria ya dini ni ndugu, lakini sisi sheria hatukuijua, tulijua tu kwamba tunalala popote usingizi utakapotukuta. Kila Ramadhani bibi na Mama walinunua kitambaa kimoja, fundi akatupima pamoja, na Sikukuu tukaingia Bustanini sare. Watu walituita pacha. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, alikuwa akitupapasa vichwa na kuuliza, "Wangu ni yupi hapa?" Kisha akatupa visheti wote wawili. Mama hakuuliza kamwe. Alitujua kwa kikohozi tu, akiwa amegeuka anachuja tui.

Kisha ikaja siasa. Sitakwambia chama kipi kilikuwa chetu na kipi chao, maana wenye kuuliza hivyo bado wapo. Ami yangu, ndugu wa baba tuliyeishi naye, alikuwa huku, mume wa Mama alikuwa kule, basi. Watu waliacha kusalimiana, waliacha kununua duka moja, waliacha hata kuzikana. Katikati ya Ramadhani ile bakuli la futari lililokuwa likivuka ua kila magharibi halikuvuka tena. Mimi nilikatazwa kwenda ng'ambo ya ua. Nililia mpaka nikapata homa, nikiogopa kwamba nimeshampoteza mama wa pili.

Jambo moja tu hawakuliwahi. Magauni yalikuwa tayari kwa fundi, yameshakatwa kabla ya ugomvi. Ami alipoyaona akasema nisilivae langu.

"Nguo kashona fundi, hakushona mwanasiasa," bibi akamwambia. "Nimvishe nini miye mtoto wa watu, gunia?"

Tulipofika Bustanini alasiri ile nilijua mapema kwamba mambo si mazuri, ingawa sikuwa na maneno ya kuyasema. Pembea haikuwa ikilia. Muuza kahawa alibeba vikombe vyake bila kuvigonganisha. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote, lakini wamekaa kimya juu ya mikeka, chama hiki upande huu wa njia ya mawe, chama kile upande ule, na njia yenyewe tupu, haina hata mtoto. Chini ya mivinje walisimama wanaume waliovaa kanzu mpya, na mkononi mwa kila mmoja kulikuwa na fimbo ya mkwaju. Walikuwa wakitazama upande wa pili.

"Usivuke njia," bibi aliniambia. Buibui lake lilikuwa limemfunika mpaka machoni, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Ndugu yangu nilimwona mara moja. Alikuwa upande wa pili, gauni kama langu, amesimama kando ya Mama. Tukatazamana. Hakuna aliyemwita mwenzake. Alisogea kidogo kuelekea kwenye mzinga, nami nikasogea. Tulikatazwa kuvuka njia, na mzinga ulikuwa katikati kabisa, kwa hiyo tulijiona hatujavunja amri ya mtu. Tukaukalia kwa pamoja. Chuma kilikuwa cha moto. Aliniambia kuku wetu mweupe kaangua upande wao, nami nikamwambia nimekuwa mgonjwa. Nilipoinua macho niliona Bustani nzima imetukodolea macho, pande zote mbili.

Sijui nani alianza. Jiwe lilianguka juu ya bati la muuza bajia, mtu akapiga ukelele, na pande zote zikainuka. Nilisikia mikwaju kabla sijaiona. Watu wakakimbia wakikanyaga sahani na watoto. Bibi akaja mbio kwenye mzinga, macho yake mabovu na machozi juu, akashika gauni alilolijua, akavuta. Lilikuwa gauni la ndugu yangu.

Nilibaki peke yangu juu ya chuma. Nilipiga kelele, "Bibi!" lakini siku ile kila mtoto alikuwa akipiga kelele hiyo. Kisha mkono ukanizunguka tumboni, ukaniinua, na kwa harufu ya karafuu na samli nikajua ni nani. Mama alinikimbiza mpaka nyumbani kwake.

Mumewe alirudi magharibi, kanzu imechanika begani. Akanitazama.

"Huyu kaja kufanya nini humu?"

"Kaja kwao."

"Kwao ni kule."

"Ziwa langu kanyonya. Hebu niambie weye, kwao wapi tena?" Kisha akasema polepole, "Bibiye macho hayaoni, kamchukua wetu. Ningemwacha huyu pale akanyagwe?"

Mume akaenda kukomea mlango. Njiani wanaume walikuwa wakipita makundi kwa makundi, na hakuna aliyethubutu kuvuka hata ua. Mama aliniogesha, akanilisha kwa mkono wake, akanilaza kifuani. Kulikuwa na vita nje, na mimi nilikuwa na furaha. Ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi milango yote miwili ilifunguliwa. Bibi alisimama kizingitini kwetu, Mama kizingitini kwake, na nyuma ya kila mmoja alisimama mwanamume. Hakuna aliyemsindikiza mtoto. Tukaambiwa kila mtu aende kwao, na tusisemeshane. Tulipishana katikati ya ua na magauni yetu yale yale machafu. Alinigusa mkono wa gauni, basi. Milango ikafungwa.

Haukupita muda wakahama, lori likaja mchana nikiwa chuo cha Kurani. Wengine walisema Unguja, wengine wakasema bara. Kisha yakaja yale makubwa yaliyofuata, ambayo nawe unayajua, na watu hawakuulizana tena nani yuko wapi. Bibi alikufa akimtaja Mama. Mimi sikuwaona tena, si yeye wala bintiye.

Basi mkwe wangu hakumvua yeyote. Nilikwenda nao mwenyewe, nimefura. Mivinje mingi imeshakatwa, upande mmoja pana maofisi, upande wa pili pana mabembea ya rangi na muziki wa kutia uziwi. Mzinga bado upo, wameupaka rangi nyeusi, watoto wanaupanda. Nikajikuta natazama nyuso za wanawake wa umri wangu, mmoja mmoja. Kisha fataki ikalia nyuma yangu. Kufumba na kufumbua nimeshadaka gauni la manjano lililokuwa karibu, nimelivuta kifuani, naliita kwa jina la mjukuu wangu mdogo.

"Bibi," mtoto akacheka, "si yeye huyu. Ni mimi."

Nikamwambia najua. Na sikumwachia.