Mkasi wa Ukutani

Mwezi jana mjini Kitale nilimkuta mpaka rangi juu ya ngazi, kandoni mwa jengo lililouzwa. Chini yake mama mshonaji alikuwa amevuta cherehani mpaka miguuni mwa ngazi, anashona. Ukutani kuna mkasi mkubwa, umechorwa na Mhindi aliyeshona hapo zamani. Umepauka, lakini bado ni mkasi.

"Mama, songa, rangi itakumwagikia."

"Imwagike. Wateja wangu wa Kiminini huambiwa wakishuka matatu hapo steji watafute mkasi. Ukifuta, watanipata wapi?"

"Si mimi nimetumwa tu, bana."

"Mimi sijatumwa na mtu."

Landilodi mpya, aliyenunua jengo, akafika. Alitaka ukuta wa kuandika jina la duka lake la misumari na mabati. Akasema mchoro umezeeka. Mama hakuinua macho.

"Hata wewe umezeeka, na hakuna mtu amekupaka rangi."

Mama hakusonga, basi mpaka rangi akapaka ukuta wote uliobaki, akauzunguka mkasi.

Jana nilihitaji misumari. Pale steji nikauliza duka la landilodi huyo, lenye herufi nyekundu kama moto.

"Enda pale kwa mkasi, nyanya," kijana mmoja akanielekeza, mimi bibi kizee.

Dukani nilimweleza landilodi nilivyoelekezwa. Alinipimia misumari, wala hakuniongezea hata mmoja.