Wifi Anachagua Soko

Wifi yangu, ninayeuza naye mashuka, hajawahi kununua kitambaa asichokifinya. Hukishika kwa kidole gumba na cha shahada, akakisugua polepole huku amefumba macho, kama anayesikiliza kitu. Sasa tumeamua kuagiza mzigo ng'ambo kwa jumla, na kila siku anasugua kioo cha simu vilevile, kisha ananigeukia: "Mbona hakisemi?" Kitasema nini, jamani, na ni kioo! Soko hili la mtandaoni analikataa kwa sababu bei ni rahisi mno, lile kwa sababu wauzaji wana adabu mno. "Mtu mkweli hakuiti mpendwa kabla hajakujua." Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akajibu kwamba mkulima hanunui jembe la kwenye picha. Rafu zetu zimebaki mbao tupu, wateja wanachungulia na kupita, mimi roho juu, yeye anasugua.

Nilipochoka, nikaagiza kimyakimya shuka moja la mfano. Lilipofika akalifinya, akalinusa, akalivuta pembe kwa meno. Uso ukamlainika, nami nikashusha pumzi. "Zuri sana," akasema. "Ndiyo maana siwaamini. Hili ni chambo." Papo hapo akaingia mteja, mama mmoja mwenye haraka, akalipapasa na kutaka mawili leo leo. Wifi akamnyang'anya kwa upole, akalikunja, akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, ukipenda upesi namna hiyo utaibiwa."