Ulimi wa Gerishon Kipyego

Kila nyumba upande ule wa Pioneer ilikuwa na kitu cha kujivunia. Wengine walikuwa na trekta, wengine walikuwa na mtoto chuo kikuu, na Gerishon Kipyego alikuwa na ulimi. Kwa miaka mingi alikuwa mpokeaji wa maziwa kwenye kituo cha ushirika, na ingawa kituo kilikuwa na vifaa vyake vya kupimia, Gerishon aliamini zaidi kile alichozaliwa nacho. Alionja kidogo, akafumba macho, kisha akamweleza mkulima kwamba ng'ombe wake aliingia kwenye kabichi, au kwamba inaonekana mvua ya jana ilinyesha ndani ya debe. Mara nyingine alikosea, lakini alikosea kwa sauti nzito hivi kwamba mkulima alirudi nyumbani akimshuku ng'ombe.

Alipostaafu, ulimi haukustaafu naye. Ulihamia kwenye mursik, yale maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka yakaiva na kuwa na rangi ya majivu. Kila Novemba, mahindi yakishatoka shambani na watu wakipata nafasi ya kunyoosha mgongo, kanisa lao lilifanya Sikukuu ya Mavuno. Wanaume walishindana kupukuchua mahindi, vijana wakavutana kamba, kwaya zikaoneana wivu kwa jina la Bwana, na akina mama wakaleta vibuyu vyao. Mwamuzi wa vibuyu, bila kupigiwa kura na mtu yeyote, alikuwa Gerishon. Zawadi ilikuwa sufuria, lakini hakuna mama aliyekuja kwa sababu ya sufuria. Aliyeshinda alikaa mwaka mzima akiulizwa na wenzake anafanyaje, naye akikataa kusema.

Jepkemboi, mke wa mwamuzi, hakuwahi kushinda hata mara moja.

Kosa halikuwa la kibuyu chake. Mwaka wa kwanza Gerishon alipokifikia na kukitambua, aliona watu wakikonyezana kwenye mabenchi. Akaogopa midomo ya watu, akampa mke wa pasta ile sufuria. Jioni alimkalisha mkewe chini na kumweleza kwa urefu kwamba mwamuzi wa haki hafai kujua kibuyu cha bibi yake. Jepkemboi akasema ameelewa. Gerishon, ambaye hakuwa mtu wa kutilia shaka neno fupi la mwanamke, akaamini kwamba yamekwisha. Mwaka uliofuata aliionja ile ladha ya nyumbani tena, akairuka tena, na mwaka baada ya huo vilevile.

Nyumbani, lakini, sifa hazikukoma. Kila asubuhi alishika kikombe chake kwa mikono miwili na kutangaza kwamba Uasin Gishu yote haina mkono kama wa Mama Kimutai. Jepkemboi alisema asante na kugeuza uso upande wa jiko. Mumewe alidhani ni haya.

Ng'ambo ya uzio aliishi Mwalimu Otiende, mtu wa upande wa ziwa, na mkewe Hulda. Walipohamia pale Hulda hakujua hata kibuyu kinashikwaje, na Jepkemboi ndiye aliyemfundisha kuchoma ule mti na kusugua. Tangu hapo vibuyu vilikuwa vikipita juu ya uzio, kimoja kikienda na kingine kikija, na Gerishon hakuuliza kwa sababu hayo yalikuwa mambo ya wanawake. Kilichomchekesha ni Otiende, ambaye alikuwa na tabia ya kusimama pale na kujigamba kwamba mursik ya mke wake haina mpinzani. Gerishon alimjibu kwa upole kwamba mtu akilelewa kwa samaki hawezi kulaumiwa. Hakuwahi kuomba hata tone la kuonja. Aliona ulimi wake haufai kusumbuliwa na vitu vya wanafunzi.

Basi ukafika ule mwaka wa mlolongo, wa watu kupanga foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka. Kwenye kikao cha kuandaa sikukuu, kijana mmoja wa kwaya alipendekeza kwamba vibuyu navyo vipangiwe foleni, ili washiriki waamue wenyewe. Mzee mmoja akasema taratibu kwamba kwenye mlolongo alioushuhudia yeye, mstari mfupi ndio ulioshinda. Kila mtu akatazama viatu vyake, na pasta akaomba waendelee na ajenda. Wakakubaliana kwamba Gerishon abaki mwamuzi, ila mursik imiminwe kwenye vikombe vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na uzi wa rangi yake kwenye kishikio, na mke wa pasta peke yake ajue uzi ni wa nani.

Asubuhi ya sikukuu Jepkemboi alifunga kitambaa chake kichwani, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Kimutai, leo hakuna mtu wa kukonyeza mwingine. Hakuna anajua kikombe ni ya nani. Ukiniruka leo, nitajua si watu. Ni wewe."

Gerishon aliguswa. Kusema kweli alikuwa amechoka na ile haki yake, na alitamani kwa moyo wote kumwona mkewe akibeba ile sufuria. Akamwahidi kwamba hata wamfunge macho kwa gunia, mkono wake hawezi kuupoteza.

Mkuu wa tarafa alichelewa, na alipofika alihutubia mpaka maboga yakaanza kulegea juani. Hatimaye vikombe vikapangwa kwenye meza. Gerishon alivua kofia, akaanza kuonja akifumba macho, na uwanja ukanyamaza kwa heshima ya ule ulimi. Kikombe cha kwanza alikiita kizito. Cha pili alikiita cha mtu mwenye haraka. Alipofika kwenye uzi wa kijani alionja, akatabasamu, akakirudisha mezani.

"Huyu bado ni msichana," aliwaambia watu. "Akiolewa atajifunza."

Watu wakacheka. Jepkemboi, kwenye benchi la mbele, alikuwa akitazama viganja vyake. Hulda aliyekaa karibu naye alijifunika mdomo kwa leso.

Kisha Gerishon akaonja uzi mwekundu, na hapo akafika nyumbani. Ilikuwa ile ile ya kila asubuhi, na ule moshi wake unaobaki kooni. Machozi yakamlengalenga. Akainua kikombe juu, akakiri mbele ya kanisa zima kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiwaogopa, na kwamba leo haogopi.

"Hii ni ya nyumba yangu," alisema. "Mimi nakunywa hii kila siku."

Mke wa pasta alitazama uzi, akautazama tena, kisha akatangaza kwamba mshindi ni Hulda, mke wa Mwalimu Otiende.

Otiende aliruka kwa furaha, akaja mbele kuonja kikombe cha ushindi. Lakini alikuwa mtu mkweli kuliko inavyofaa mume, na uso ukambadilika. Akasema samahani, labda kuna makosa, kwa sababu hii hajawahi kuinywa. Akaonja kingine, na kingine, mpaka akafika kwenye uzi wa kijani, na hapo akang'aa.

"Hii sasa ndiyo ya kwangu," alisema. "Hii ndiyo Hulda ananipatia."

Wanawake ndio walioanza kucheka, wote kwa pamoja, kama watu waliosubiri siku nyingi. Gerishon alivirudia akilini vibuyu vyote alivyowahi kuviona vikipita juu ya uzio. Akakumbuka kwamba baada ya ile sikukuu ya kwanza aliona ladha ya nyumbani imebadilika kidogo, naye akatoa uamuzi kwamba ni majani mapya. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na chini ya aibu aliona huzuni, kwa sababu miaka yote ile mwalimu ndiye aliyemsifu Jepkemboi, bila kujua.

Gerishon na mkewe walirudi nyumbani. Langoni akamuuliza kwa nini.

"Ulisema mwamuzi hafai kujua kibuyu ya bibi yake," Jepkemboi alisema. "Nikaitoa kwa nyumba."

Asubuhi iliyofuata alimwomba, kwa adabu ambayo hakuwa ameitumia tangu siku za kuchumbia, kama anaweza kupata ile yake mwenyewe. Jepkemboi akaenda, akaleta kibuyu, akammiminia. Gerishon alikunywa polepole, macho wazi. Ilikuwa laini, na moshi wake ulikuja mwishoni, na ndiyo ile aliyokunywa wakiwa na chumba kimoja na hawajapata hata Kimutai. Alitafuta neno la mwamuzi, asilipate.

"Mama Kimutai, hii ni nzuri," alisema.

"Ngoja kwanza niolewe," Jepkemboi alisema, "nitajifunza."

Akachukua kikombe mkononi mwake, akamwongezea.