Baba Alichagua Shamba la Ufukweni

Baba yangu alinipigia simu katikati ya somo la hesabu akaniambia ameamua kuhamisha nyumba.

Nilitoka nje ya darasa nikakaa kwenye ngazi. Miaka minne nilikuwa namwomba kitu hicho hicho. Nimeomba kwa upole, nimeomba kwa kununa, hadi padri nimemtuma. Wote tulirudishwa.

"Asante, Baba," nikasema, machozi yananilengalenga.

"Asante ya nini? Niambie nabonyeza wapi."

Aisee. Kumbe alikuwa anaongelea nyumba ya kwenye gemu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Ivonne Chiguay, mwalimu wa darasa la pili kisiwani Lemuy, kule visiwa vya Chiloé, kusini mwa Chile. Baba yangu, don Eleuterio kama kwetu tunavyowaita wazee kwa heshima, ana miaka sabini na moja. Anaishi peke yake kwenye nyumba ya mbao aliyoijenga mwenyewe alipomwoa mama, juu ya mwinuko unaotazama bahari.

Shida ni kwamba bahari inaula huo mwinuko. Kila majira ya baridi ukingo unamomonyoka hatua mbili tatu. Mwaka juzi ulikwenda na choo cha nje.

Nilikimbilia kule roho mkononi, nikamkuta jikoni anakunywa chai. Akasema choo kilikuwa kizee, kimejiondokea kwa heshima.

Nilimwambia aje kwangu, chumba kipo. Akajibu kwamba nyumba alimofia mama yangu hawezi kuiachia bahari. Ukimgusa hapo, mazungumzo yamekwisha.

Basi mwaka jana, mwezi wa tano, aliteleza akivuna viazi akavunjika mguu. Plasta, wiki nane, marufuku kukanyaga chini. Na baba yangu ni mtu ambaye hata Krismasi utamkuta shambani.

Ili atulie nikampelekea gemu yangu ya kulima, nikaiunganisha na televisheni. Unarithi shamba, unapanda, unafuga, unauza. Mwanzoni aliidharau. Viazi vinavyokomaa kwa siku sita, alisema, hivyo si viazi, huo ni ulozi. Lakini kidude cha kuchezea hakukiachia.

Sasa, kabla hujaanza, gemu inakuonyesha ramani za mashamba uchague moja. Kuna la tambarare, udongo mzuri kila kona. Kuna la mto, samaki tele. Kuna la msituni, kuni za bure. Kuna la kuchezwa na watu wawili. Na kuna la ufukweni, nyumba inatazama maji. Chini yake kuna maandishi mekundu: ukishachagua, hakuna kubadilisha.

Nilimsihi achukue tambarare. Nikamweleza kwamba ufukweni ni mchanga mtupu, mabomba ya kumwagilia hayafungiki, atamwagilia kwa kopo mpaka achanganyikiwe. Yeye alikuwa ameshakodolea macho ile nyumba inayotazama maji. Nikajua nimeshindwa.

"Hilo hilo."

"Baba, soma hapo chini. Hakuna kubadilisha."

Akacheka. "Mwanangu, nyumba ikikaa vibaya si unaivuta tu?"

Msimcheke mzee wangu. Kwetu nyumba zinahama kweli. Inawekwa juu ya magogo, maksai wanafungwa nira, kijiji kizima kinashika kamba, na nyumba na paa lake inakwenda anakotaka mwenye nyumba. Tunaiita minga, na haina malipo. Ila ina sharti: mwenye nyumba apite mlango kwa mlango kuomba kwa mdomo wake, halafu siku ya kazi awalishe wote.

Baba amevuta nyumba za watu tangu ana nguvu za ujana. Ya kwake ndiyo kaiacha ukingoni. Minga nilishamtajia mara ngapi, ananiambia hataki kusumbua watu. Tangu mama afariki, baba hajamwomba mtu hata kiberiti.

Basi akalima ufukweni. Wiki nzima kopo mkononi. Kabichi zikakauka, kuku wakanuna, mzee akanuna zaidi. Ndipo akanipigia ile simu.

Nikamwambia hakuna pa kubonyeza. Ukitaka shamba jingine unaanza upya, na nyumba ya mwanzo inafutika na kila kilichomo.

Baba akauliza:

"Kwani hawa watu hawana majirani?"

Hapo neno likanitoka bila kulipanga.

"Hawana, Baba. Wewe ndiye unao."

Simu ikakatwa.

Siku tatu nilikuwa nikitoka shuleni napita kumpikia, naye ananijibu ndiyo na hapana. Nilijilaumu, acha kabisa. Usiku mvua ikinyesha nilikuwa nawaza ule ukingo tu.

Siku ya nne nikamkuta anataka kuanza shamba jipya. Safari hii hakuchagua kwa macho. Alizichunguza zile ramani siku mbili nzima, akiniuliza upepo unatoka upande gani, maji ya mvua yanatuama wapi, jua la asubuhi linapiga wapi. Mambo ambayo gemu yenyewe haiyajui.

Mwishowe akachukua shamba la watu wawili. Tambarare, nyumba mbili, uwanja mmoja katikati.

Nikamuuliza nyumba ya pili ya nani. Akasema, "Ya mtu."

Jamani, nilitabasamu mpaka viazi vikaungua jikoni. Mtu ni nani kama si mimi?

Plasta ilipotoka, alivaa kofia, akachukua fimbo, akaenda kuomba.

Wa kwanza alikuwa don Abelino, mwenye maksai wengi kuliko wote. Yeye ndiye aliyenisimulia. Baba alisimama getini robo saa, mvua inampiga, ndipo akasema amekuja kumsumbua. Don Abelino akamjibu kwamba amechelewa miaka minne, aingie akauke. Niliposikia hivyo nililia pale pale kwa watu.

Alipita nyumba hamsini na kitu. Minga ikapangwa mwezi wa pili, ambao kwetu ni kiangazi, ardhi ikishakauka.

Mimi nikaanza kuandaa kiwanja ubavuni mwa nyumba yangu. Nilisawazisha udongo, nikamwaga kokoto, nikang'oa uzio wote wa mbele ili nyumba ipite. Nilipomwambia baba kwamba kiwanja kiko tayari, alisema nimefanya kazi nzuri. Sasa nikikumbuka, hakusema kingine.

Siku ikafika. Jozi kumi na mbili za maksai, watu zaidi ya mia. Vioo vilishatolewa, jiko la kuni lilishashushwa. Don Abelino akapaza sauti, kamba zikakaza, nyumba ikalia mbao zote, halafu ikaanza kutembea.

Nyumba niliyozaliwa ndani yake inatembea barabarani! Baba anatangulia mbele, shati safi, anaelekeza kwa fimbo. Sijawahi kumwona mrefu vile.

Nilikimbia mbele nikasimama pale nilipong'oa uzio, mikono nimeifungua.

Nyumba ikanipita.

Nikadhani wamekosea. Nikamkimbilia don Abelino, nikamwambia ni hapa, simamisha maksai.

Akaangalia chini. "Mwalimu, mimi naenda nilikoombwa."

Nikageuka kuwatazama walioshika kamba. Kila mmoja akapata kitu cha kuangalia angani. Hapo ndipo nilipoelewa. Huwezi kumwomba mtu akuvutie nyumba bila kumwambia unakwenda wapi. Kisiwa kizima kilijua tangu siku ya kwanza. Nyumba ambayo baba hakupita kuomba ni ya binti yake peke yake, kwa sababu binti haombwi.

Ilisimama hatua mia tatu mbele, kwenye shamba la doña Zulema Remolcoy, mjane wa miaka sitini na sita. Nguzo za msingi zilishachimbiwa. Mwenyewe kasimama na aproni, nyuma yake moshi wa shimo tunalopikia chakula kwa mawe ya moto, nyama na kome na viazi vya kutosha watu wote wale.

"Baba," nikasema, "na mimi?"

Akanishika bega. "Kwako ningekuja kutunzwa, mwanangu. Hapa nimekuja kulima."

Doña Zulema ndiye aliyenimalizia habari huku akinijazia sahani. Alikwenda kumjulia hali mgonjwa mimi nikiwa shuleni, akamkuta anabishana na kabichi za ufukweni. Akaketi, akachukua kidude cha pili. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa.

"Usinune, Mwalimu," akaniambia. "Miezi saba nacheza na huyu baba yako, na mpaka leo anabananisha viazi."

Nilinuna mpaka sahani ya pili. Ya tatu nilikula katikati yao, nikiwasikiliza wanavyogombania pa kuweka banda la kuku. La kweli, siyo la kwenye televisheni. Muda mrefu sikuwa nimemsikia baba akibishana na mtu kwa furaha.

Miaka minne nilimuuliza baba yangu atatoka lini pale ukingoni. Sikumuuliza hata mara moja angependa kwenda wapi.

Ninyi wenye wazazi waliogoma kuhama, anzeni na hilo swali la pili. Na jibu likiwapita mlangoni bila kusimama, lifuateni. Huko linakokwenda kuna chakula.