Fundi Aliyeingia Ndani ya Benywari

Mutasema vita ilinivuruga akili. Inawezekana, sikatai. Lakini benywari iko pale nyumbani Nguba, mukuje muione.

Wakati ule wa vita robine zilikuwa zinakauka juma zima. Mwenye benywari, lile beseni kubwa la kuogea, aliigeuza tangi: maji yakitoka, unaijaza, munakunywa humo. Yetu ilikuwa imeachana na ukuta wa vigae, na tukichota, maji yanapita katika ule mwanya, yanalowesha godoro la watoto chumba cha pili. Bwana yangu, Papa Furaha, aliahidi kuuziba akirudi kutoka Walungu. Hakurudi.

Mchana mmoja mtu akagonga. Suruali tope mpaka magotini, mkononi bomba la silikone.

"Maman Furaha, bwana yako amenituma nizibe benywari."

"Karibu, tonton. Ngoja nitoe maji."

"Apana! Ukiiziba tupu, siku utaijaza itashuka, mwanya utafunguka tena. Ikae na maji. Na mutu aingie, iwe na uzito."

"Na hivyo viatu? Si tunakunywa humo!"

Akaingia navyo. Jamani, maji yalikuwa yamefika ukingoni, nilijaza mwenyewe. Hayakupanda. Tope halikutoka. Labda sikuona vizuri, taa haikuwepo. Lakini sakafu niliigusa: kavu.

Akapaka silikone, akailainisha kwa kidole chenye sabuni. "Usitoe maji mpaka Papa Furaha arudi."

"Kwani itakauka lini?"

"Kesho."

Nilipoleta chai, hayuko. Komeo la mlango bado limefungwa, kwa ndani.

Baadaye jirani mmoja akafika kutoka Walungu. Fundi aliyekimbia pamoja na Papa Furaha, akasema, alipigwa risasi njiani, wakamzika na suruali yake ya tope. Hiyo ilikuwa kabla ya mchana ule. Na Papa Furaha? Aliingia msituni. Zaidi hajui.

Basi nifanye nini? Tulishuka ziwani na mabidoni, huku benywari imejaa. Maji yake yamekuwa kijani, kama maji yoyote yanayolala, yakipungua naongeza. Vita imeisha, watoto wamekuwa watu wazima. "Maman, toa kizibo, silikone ilikauka zamani!" Najua. Natia mkono mpaka kwenye kizibo, halafu nautoa.

Wewe unayesoma, akikujia mtu na neno la bwana yako, usianze na kazi yake. Muulize kwanza kama aliyemtuma iko muzima. Mimi niliuliza silikone itakauka lini.