Ukuta wa Bibi na Tundu la Baba

Ukisema shuleni kwamba kwenu ni Ndera, pembezoni mwa Kigali, wenzako wanakuuliza kama daktari amekuruhusu kutoka, kwa sababu ya ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo ilipoingia korona na likatoka tangazo kwamba Kigali nzima ibaki ndani, nilifurahi kidogo. Hatimaye tulikuwa sawa wote. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka.

Furaha yenyewe ilidumu mpaka alfajiri ya kesho yake.

Nilikuwa nalala chumba kimoja na Bibi, mama yake Baba. Kabla ya hapo nilikuwa shule ya bweni, tukionana likizo tu, na tulipendana sana kama watu wanaoonana likizo tu wanavyopendana. Sasa shule zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyejua zitafunguliwa lini. Bibi husali rozari kabla jogoo hajafikiria kuamka. Husali kwa sauti, tena hasali peke yake: yeye husema nusu ya kwanza ya sala, na nusu ya pili lazima mtu aitikie. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikinyamaza, fimbo yake ilivuka nafasi kati ya vitanda vyetu ikanigusa ubavuni.

"Mume wangu," ananiita, maana ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wake wa kiume, "mume gani anakoroma mke wake akiongea na Mungu?"

"Mume aliyeozeshwa bila kuulizwa."

"Kwa uvivu huo ungenitolea mahari ya kuku. Itikia."

Nikaitikia. Nikaitikia kesho yake na keshokutwa. Ikafika mahali nikawa naitikia ndotoni. Naota nacheza mpira, refa anapuliza filimbi, mimi namwambia utuombee sisi wakosefu. Ndipo nikamwendea Baba na ombi moja: nipewe stoo.

Stoo yetu ilipakana ukuta na chumba chetu. Ilikuwa na dirisha dogo, sakafu nzuri, na kila kitu ambacho Baba aliwahi kukataa kukitupa. Televisheni iliyokufa. Baiskeli isiyo na mnyororo. Masufuria ya kupikia harusi, na harusi yenyewe hatujui ya nani. Baba alitazama, akakuna kidevu.

"Tukiitengeneza ikawa chumba cha binadamu, ni chako," akasema. "Lakini utafanya kazi."

"Na fundi?" Mama akauliza. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, na hapo mlangoni ndipo alipokaa mradi wote, kama refa wa pembeni.

"Fundi haruhusiwi kuja. Kwani fundi ni nani? Ni mtu kama mimi."

"Kweli kabisa," Mama akasema. "Tofauti ni kwamba yeye anajua."

Baba anafanya kazi ya bima. Kitu kizito kuliko vyote alichowahi kukishika kazini ni stepla. Lakini alikuwa ametazama video kwenye simu, na mtu akishatazama video humwambii kitu. Tulianza kwa kuhamisha vitu. Tulivipeleka wapi? Chumbani kwetu mimi na Bibi, "kwa muda". Baiskeli ikasimama miguuni pa kitanda changu. Televisheni ikawekwa juu ya kabati, ikawa inanitazama. Bibi hakulalamika, alitundika rozari yake kwenye usukani wa baiskeli.

Kisha Baba akatangaza kwamba chumba cha kijana wa kisasa lazima kiwe na soketi. Akachukua nyundo na tindo, akapiga magoti, akaanza kutoboa ukuta karibu na sakafu, pale ambapo video ilisema. Alipiga kwa uangalifu. Akapiga tena. Akaona kazi inakwenda, akatia nguvu za ujana wake, na tindo ikazama yote mpaka kwenye ngumi.

Akaichomoa. Tukainama wote wawili kuchungulia. Upande wa pili kulikuwa na jicho.

"Karibuni," Bibi akasema. Alikuwa amelala kitandani kwangu, maana anasema godoro langu ni laini kuliko lake.

Baba hakutikisika. "Hilo ni tundu la hewa," akaniambia.

"Baba, si ulisema soketi?"

"Soketi inakuja. Hewa kwanza."

Akataka kulisawazisha lile tundu lionekane la makusudi. Akagonga kidogo tu pembeni, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwa bosi. Ukuta ukatoa sauti ya mtu anayesafisha koo, kisha lipu ya upande mzima ikaachia, ikateremka yote kwa pamoja. Vumbi lilipotulia, Baba alikuwa amesimama kama andazi lililosahauliwa kwenye unga. Mama alichukua ungo wake, akapuliza vumbi kwenye maharage, akaendelea kuchambua. Mimi ningependa angesema kitu.

Nilitazama ule ukuta uchi, matofali yote nje, nikaona chumba changu kinakufa kabla ya kuzaliwa. Saruji hatukuwa nayo na duka la vifaa lilikuwa limefungwa. Baba aliketi juu ya ndoo, akaanza kuongea kama watu wa bima: kwamba tusubiri, kwamba tutaliangalia suala hili hali ikiruhusu. Nilijua maana yake. Ile televisheni nayo inasubiri hali iruhusu tangu nikiwa chekechea.

Aliyeniokoa ni Bibi, kwa kupitia tundu.

"Kwa mama yangu kulikuwa na kuta nzuri, na saruji hatukuwahi kuiona," akasema. "Kinyesi cha ng'ombe na majivu. Unapaka, unachora kwa vidole, kinakauka, kinakuwa kigumu kama jiwe."

Bibi aliondoka mashariki ya Rwanda akiwa msichana, akamlea Baba ng'ambo ya mto, Tanzania. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kinyarwanda.

"Mama, hapa ni Kigali," Baba akasema. "Watu wakija wataonaje?"

"Watu gani? Si wamefungiwa wote?"

Kwa hiyo nikapewa ndoo.

Chini kidogo ya kwetu kuna mzee anayefuga ng'ombe nyuma ya nyumba yake. Bibi alinifundisha njia nzima ya kusema: huendi kuomba kitu cha ng'ombe kama mtu anayeomba mchanga. Unaanza na salamu.

"Amashyo, mzee," nikasema getini, ndiyo kumtakia mtu makundi ya ng'ombe.

"Amashyongore," akajibu, maana yake na yawe ya majike. Akafurahi sana, mpaka aliponiona navuta barakoa kuelekea machoni na kubana pua, maana harufu ilikuwa imekwisha kunisalimia kabla yake.

"Kijana, unajificha nini? Unamwonea haya ng'ombe wangu?"

"Ni korona, mzee."

"Kwa korona, barakoa inaziba pua na mdomo. Wewe unaziba pua kwa vidole juu ya barakoa. Kwa ng'ombe hatuzibi pua. Umenisalimia mimi, na yeye je? Unamwomba mtu kitu hata hujamsifu?"

Ng'ombe alinitazama huku anatafuna. Sikuwahi kumsifu msichana, sembuse ng'ombe. Nikashusha vidole, nikavuta pumzi, jambo ambalo lilikuwa kosa, nikaanza.

"Mrembo wewe. Mwenye macho makubwa kuliko ya mwalimu wetu wa hisabati. Mwenye pembe zilizonyooka kuliko ukuta wa Baba. Hujawahi kunipa kazi ya nyumbani. Hujawahi kuniamsha alfajiri."

Mzee alikuwa anatikisa kichwa, nikadhani nimeharibu. Kumbe anacheka. Na yule mrembo, nakuapia, akainua mkia pale pale.

"Amekukubali," mzee akasema. "Weka ndoo."

Nikarudi na ndoo yangu yenye joto, nimeifunika kwa majani ya mgomba. Njiani nikakutana na mmoja wa vijana wa kujitolea, wale wenye vizibao, waliokuwa wanauliza kila mtu anakwenda wapi. Ruhusa ya kutoka ilikuwa ya chakula au dawa.

"Wewe sha, ndugu yangu, unatoka wapi?"

"Kuchukua chakula."

"Fungua tuone."

Nikafungua. Mvuke ukapanda. Akarudi nyuma hatua ndefu kuliko ile tuliyoagizwa na serikali.

"Hiki ni chakula cha nani?"

"Cha ukuta."

Alinitazama mimi, akaitazama ndoo, akatazama upande wa hospitali, akanitazama tena.

"Umetoka mwenyewe," akauliza kwa sauti ya huruma, "au kuna mtu anakutafuta?"

Ilibidi nimweleze yote, kuanzia rozari. Nilipofika kwenye jicho la Bibi tunduni, alikuwa ameshika magoti kwa kicheko. Akanisindikiza mpaka nyumbani, akiutunza ule umbali wa serikali, ili tu aone huo ukuta.

Tulikoroga kinyesi na majivu ya jikoni. Baba alisema atasimamia. Bibi akamwambia msimamizi naye ana mikono, akamzamisha mpaka kwenye viwiko, na nikamsikia Baba akinong'ona kwa Kinyarwanda maneno ambayo mimi nikiyasema nanyimwa chakula. Tulipaka ukuta mzima, tukaliacha tundu tu. Kisha Bibi akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchora kwa vidole ile migongo ya zigizaga ya kuta za kwao, mistari inayosimama juu ya ukuta kama mishipa.

Ningependa kusema ilinyooka. Haikunyooka. Ilianza vizuri juu, ikafika katikati ikayumba, ikateremka kuelekea mlangoni kama mtu anayetoka kwenye sherehe.

"Mama yangu angeona hii angenichapa," Bibi akasema, akirudi nyuma kuitazama. Macho yake yaling'aa kama ya mtoto. "Mara ya mwisho nilikuwa mdogo kuliko wewe. Ukuta wenu umepinda, si mkono wangu."

Tukapaka rangi. Nyeupe tulisaga chaki, nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria, nyekundu ilikuwa udongo wa uani. Ilipokauka harufu iliisha, na hata Mama alitoka mlangoni, akaja kuugusa kwa kiganja. Mimi nilikuwa tayari nimepanga mahali pa kitanda, mahali pa mabango yangu, na mahali pa kulala mpaka saa nne.

Bibi akasema ukuta mchanga hauachwi peke yake, utapasuka. Akaleta kiti aulinde. Kwa muda. Kesho yake kiti kikapata mto. Kisha rozari ikahama kutoka kwenye baiskeli. Kisha nikaitwa nisaidie kubeba kitu kizito, nikabeba kwa heshima zote, na nilipokitua ndipo nikagundua nimehamisha godoro langu, lile laini, kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikamkimbilia Baba. "Baba, uliniahidi! Chumba changu!"

Baba alifikiri kama mtu wa bima anayetafuta kifungu. Kisha akanishika bega, akanipeleka kwenye chumba chetu cha zamani, akafungua mlango. Kitanda changu. Godoro la Bibi lililobonyea. Baiskeli, madumu, masufuria ya harusi, televisheni juu ya kabati.

"Ulitaka chumba cha peke yako," akasema. "Hiki hapa. Uko peke yako."

Kwa maneno mengine, Bibi alipewa chumba na mimi nikapewa stoo.

Nilijiliwaza kwamba angalau nitalala. Nikamaliza kazi moja iliyobaki: lile tundu la hewa, lililokuwa usawa wa mto wangu. Ndani ya ndoo kulikuwa na mchanganyiko uliobaki, nikaulainisha kwa maji, nikalijaza tundu vizuri, nikalisawazisha kwa kidole, hata nikachora kazigizaga kadogo. Nikalala kama mfalme.

Alfajiri ncha ya fimbo ilipenya kutoka upande wa pili. Donge lote la yule mrembo mwenye macho makubwa likaachia, likatua shavuni mwangu.

"Mume wangu," ukuta ukasema. "Umeamka?"

Nikatazama tundu. Nikaona jicho, na nyuma yake mistari myekundu na myeupe imepinda kuelekea mlangoni, na bibi kizee mwenye furaha kuliko mtu yeyote aliyefungiwa Kigali.

"Nimeamka," nikasema, nikijifuta. "Anza."